Mlinzi Aliyesoma Saa kwa Mkia

Faruk ana miaka hamsini na miwili, ana koti la kaki lenye vifungo vya rangi tatu, na hapa Koboko ndiye mtu pekee anayeweza kukukatalia salamu kwa sababu umekosea sehemu ya siku. Mwambie "gudi moning" saa saba mchana uone. Hajibu. Atatazama jua, atatazama saa yake ya mkononi, kisha atakutazama wewe kwa huruma, kama daktari mwenye majibu mabaya.

"Sasa iko afutanuni," atasema.

Elimu hiyo aliipata Awindiri, mjini Arua, kwenye mafunzo ya wiki mbili ya ulinzi. Waliingia vijana thelathini na yeye mzee mmoja. Walifundishwa kusimama wima, kufungua lango, kufunga lango, na kwa siku mbili nzima walifundishwa siku ya Mzungu inavyokatwa vipande: moning, afutanuni, ivining, naiti. Faruk alivimeza vipande vyote vinne bila kutafuna. Aliporudi Koboko alianza kuvigawa mtaani bure. Watoto wa jirani walijipanga asubuhi kusalimiwa. Hata sheikh, ambaye hakuwa na haja ya ivining yoyote katika maisha yake, alisahihishwa mara mbili.

Kuhusu namba za saa zenyewe, mwalimu wa Awindiri aliandika mfano mmoja ubaoni, wote wakaunakili, wote wakafaulu. Hakuna aliyeuliza kitu. Kijana anauliza swali akiwa shuleni, sio akiwa karibu kupewa viatu vya bure.

Basi Faruk akapata kazi kwenye lango la shirika moja la visima, barabara ya kwenda mpakani. Wafanyakazi walimwita "afande", kwa utani wenye heshima ndani yake, maana baba yake alikuwa sajini wa zamani. Na saa yake ya mkononi ilikuwa ya sajini huyo. Mzee ndiye aliyemfundisha kuisoma akiwa na miaka saba, kwa njia ambayo nusu ya wazee wetu waliitumia: usitazame kichwa cha mshale mfupi, tazama mkia. Kichwa kikiwa kwenye saba, mkia unaangalia moja, kwa hiyo ni saa moja. Dakika husomwa kwa kichwa, saa husomwa kwa mkia. Rahisi. Mtoto yeyote anaelewa.

Shida ni kwamba sajini hakumwambia kwamba Mzungu anasoma kichwa. Faruk alikua, akaoa, akazaa watano, akizeeka taratibu na imani kwamba dunia nzima inasoma mkia. Simu yake ilipomwonyesha 7:00 asubuhi, alijua sababu: simu imetengenezwa China, inaonyesha saa ya China. Alikuwa akiwahurumia Wachina kwa kuamka vibaya.

Sasa kitabu cha lango. Kila anayeingia anaandikwa jina, saa ya kuingia, saa ya kutoka, na alichobeba. Mchana wa siku za kazi kitabu kilikuwa cha Obeti, mlinzi mwenzake, kijana wa Aroi aliyemaliza sekondari. Faruk alishika usiku, na usiku hakuna anayekuja. Saa za kupokezana zilikuwa zimechapwa tayari, yeye aliandika tu kwa herufi kubwa kwamba yote shwari. Jumapili Obeti alikwenda kanisani, na Faruk akashika mchana pia, lakini Jumapili nani anakwenda ofisini? Miaka mitatu hivyo. Zaidi ya hayo, hakuna aliyewahi kukisoma kitabu chenyewe. Kilijazwa kama watu wanavyojaza fomu za serikali, kwa bidii kubwa na bila tumaini.

Hadi betri ya sola ilipopotea stoo.

Ofisa akatumwa kutoka Arua, jina lake Lawrence, shati jeupe, kalamu nne mfukoni. Aliketi na kitabu chini ya veranda dakika kumi tu, kisha akaita wafanyakazi wote.

"Stella Kiden iko wapi?"

Stella Kiden ni mpishi wa ofisi. Mjane, mwimbaji wa kwaya, mwanamke anayepika maharage ambayo hata madereva huyala kimya. Alikuja akijifuta mikono kwenye khanga.

"Mimi hapa, ofisa."

"Mama, wewe Jumapili ulikuja hapa?"

"Nilikuja. Nilikuja kuchukua sufuria yangu kubwa. Kulikuwa na wageni wa kanisa."

"Saa ngapi?"

"Asubuhi. Mbele ya misa. Nikaosha vyombo kidogo, nikatia sufuria kwa kikapu, nikaenda."

Lawrence akainua kitabu kama padri anavyoinua Injili. Akasoma kwa Kiingereza kwanza, kwa utamu, kisha akatafsiri ili kila mtu aumie vizuri.

"Kitabu inasema uliingia 1:00 a.m. Hiyo ni saa saba ya usiku. Ukatoka 3:00 a.m. Saa tisa ya usiku. Na umebeba kikapu kubwa. Mama, misa gani inaanza saa tisa ya usiku?"

Watu wakaguna. Na Faruk, aliyekuwa amesimama wima karibu na nguzo kama alivyofundishwa Awindiri, akaelewa palepale. Haikumchukua hata pumzi mbili. Saa saba usiku? Yeye aliandika saa moja asubuhi. Aliandika moja, akaweka a.m., kwa sababu a.m. ni moning, na Stella alikuja moning, jua limeshatoka, akamsalimu vizuri kabisa. Mkia, kichwa, simu ya China, vyote vikampanda shingoni kwa pamoja kama siafu.

"Afande Faruk," Lawrence akasema, "hii ni mwandiko yako?"

"Ndiyo, ofisa."

Stella akamgeukia, karibu anatabasamu, maana sasa jambo limefika kwa mtu anayejua. "Kaka Faruk, waambie. Mimi nilikuja saa gani? Si ulinisalimia gudi moning?"

Hapo ndipo angesema. Maneno matano tu yalitosha: mimi sijui saa ya Kizungu. Lakini Obeti alikuwepo, madereva walikuwepo, na yule dada wa kufagia aliyesahihishwa afutanuni jana yake alikuwepo. Pia sheria ya kampuni aliijua: asiyeweza kuandika kitabu arudi kwao akalime.

"Kitabu haina uongo," akasema Faruk.

Stella hakulia wala kupiga kelele. Alimtazama tu, na tabasamu lililokuwa njiani likarudi lilikotoka. Aliambiwa akae nyumbani mpaka mkubwa wa Arua, Madam Harriet, aandike barua ya kumfukuza. Alitoka langoni. Faruk ndiye aliyemfungulia, na ndiye aliyemwandika. Nafasi ya saa ya kutoka aliiacha wazi, mkono ulikataa. Baadaye Lawrence akakifunga kitabu, akakitia kwenye gari lake kama ushahidi, akaenda Arua bila kufungua ukurasa mwingine. Mwizi ameshapatikana, kusoma zaidi ni uchoyo.

Habari ya wizi hapa Koboko husafiri kwa miguu. Habari ya mwanamke na mlinzi saa saba usiku husafiri kwa pikipiki. Jioni ileile ilikuwa imeshafika jikoni kwa Zam, mke wa Faruk, ambaye alikuwa anasonga ugali wa muhogo na hakuacha kusonga.

"Baba Aziz, keti."

Akaketi.

"Mwanamke amekuja kwa lango yako saa saba ya usiku. Ametoka saa tisa. Ni kweli?"

"Watu wanasema..."

"Watu hawasemi. Wewe mwenyewe umeandika kwa kitabu. Masaa mawili, Faruk! Betri inabebwa masaa mawili? Betri gani hiyo, inabembelezwa?"

Faruk akatazama ugali. Akatazama mlango. Ukweli una njia mbili za kutoka, na zote zilipita kwa mke wake.

"Alikuja asubuhi," akasema polepole. "Saa moja ya asubuhi. Mimi niliandika vibaya."

"Umeandika vibaya namna gani? Wewe profesa wa gudi afutanuni?"

"Zam, mimi sijui saa yao. Najua ile ya baba tu."

Mwiko ukasimama. Zam alimtazama muda mrefu akitafuta uongo, hakuuona, akaanza kucheka. Alicheka mpaka akakaa chini. Alicheka akitaja watu waliosahihishwa, mmoja mmoja, sheikh, mwenye duka la simu, mama yake mwenyewe. Kisha akaacha ghafla, kama mvua.

"Na ulinyamaza," akasema. "Mutu anafukuzwa kazi, wewe unanyamaza."

Zam akainuka, akashika mwiko tena.

"Mimi afadhali ungekuwa na yule mwanamke. Ningejua la kufanya. Hii ya sasa nitasemaje kwa watu? Kesho unakwenda Arua."

Jumatano akashuka Arua, koti limepigwa pasi. Ofisi kuu ya shirika ilikuwa na vigae na harufu ya kahawa. Madam Harriet alimkaribisha kwa upole, Lawrence pembeni yake, mlango wazi, na mezani ng'ambo ya mlango makarani watatu wakijifanya wanaandika. Faruk alisimama wima. Aliyasema yote kwa mkupuo mmoja akitazama ukuta: mkia, kichwa, sajini, Jumapili, saa moja.

Wakamwangalia kwa kutoamini. Tena tatizo likawa jipya, ambalo hakulitegemea kabisa: miaka mitatu alikuwa amejifanya anajua, sasa hakuna aliyekubali kwamba hajui.

"Mzee Faruk," Harriet akasema, "mlinzi wa miaka mitatu hajui saa? Unamkinga huyu mama."

"Simkingi, Madam."

"Haya, saa ile ya ukutani inasema nini kwa Kiingereza?"

Ilikuwa saa tano na dakika ishirini asubuhi. Faruk akatafuta mkia, kama siku zote, akaupata.

"Faivu... twenti. Moning."

Karani mmoja akakohoa. Mwingine akainama chini ya meza kutafuta kitu ambacho hakikuanguka. Lawrence akatikisa kichwa. "Anacheza huyu. Ni mwigizaji."

Mtu akikosa kujua ni aibu. Lakini kukosa kujua, ukakiri, kisha uombwe ushahidi! Faruk akaomba kitabu. Alikifungua, akarudi nyuma miezi, akapita ukurasa baada ya ukurasa wa yote shwari, mpaka Jumapili moja ya Machi. Akakigeuza mbele ya Madam na kurudi hatua moja nyuma.

"Hii pia mimi niliandika," akasema. "Ile siku ulikuja na wageni wa kisima. Saa nne asubuhi."

Harriet akasoma. Lawrence akasoma juu ya bega lake, na angefanya vizuri kutosoma kwa sauti: "Madam Harriet. Time in, 4:00 a.m. Wanaume wawili. Wamebeba..." Akasita. "Wamebeba bia."

"Ilikuwa soda!" Harriet akasema.

"Ilikuwa kreti, Madam," akasema Faruk. "Mimi niliona kreti."

Sasa makarani hawakujificha tena. Walicheka waziwazi, ofisi nzima, mpaka mtu wa chumba cha pili akaja kuuliza kuna nini, akaambiwa, akaanza naye. Harriet alifunga kitabu kwa kiganja. Uso wake ulikuwa mwekundu kwa kiasi uso mweusi wa Mlugbara unavyoweza. Lawrence alitafuta kalamu ya tano.

"Andika barua," Harriet akamwambia. "Stella arudi kazini kesho. Aombwe msamaha. Na wewe ndiye utakayeipeleka."

Kisha akamgeukia Faruk. Alisema mengi, hakupaza sauti, na mwishoni akamwambia kwamba hatafukuzwa, ila kitabu asikiguse tena. Lango atafungua, majani atafyeka. Walipokuwa wanaachana, karani wa kwanza alimpungia mkono na kumwambia, kwa adabu yote, "Gudi naiti, mzee." Ilikuwa bado mchana. Faruk akaitikia.

Betri haijaonekana mpaka leo. Lawrence anaendelea na uchunguzi, maana yake hakuna.

Stella Kiden alirudi Alhamisi. Wafanyakazi walimpigia makofi, Obeti akambebea kuni, na kufikia saa nne chai ilikuwa tayari kama kawaida. Hadithi ya mkia ilikuwa imeshafika kabla yake. Madereva waliokuwa wanapita langoni walitoa mikono dirishani, wakaonyesha saa zao kinyumenyume. Faruk alifyeka. Hakuna siku majani ya shirika yalikatwa karibu na mizizi hivyo.

Stella alimletea kikombe pale alipokuwa, karibu na uzio. Sukari vijiko vitatu, anavyopenda. Faruk akasimama, akalaza panga chini, akapokea kwa mikono miwili.

"Mama Stella, unisamehe. Mimi sikujua saa yao."

"Hiyo nimesikia. Hiyo si kitu. Hata mimi sijui vizuri." Alikuwa anatazama kikombe, si yeye. "Mimi nauliza ingine. Siku ile ofisa anasoma, saa saba ya usiku. Wewe ulijua?"

Faruk angeweza kusema alielewa baadaye, nyumbani, kwa Zam. Hakuna mtu duniani angeweza kumpinga.

"Nilijua," akasema.

"Palepale?"

"Palepale."

Stella akatikisa kichwa mara moja, kama mtu aliyepewa chenji kamili. "Haya. Ukimaliza, rudisha kikombe jikoni," akasema, akaenda kugeuza maharage.

Faruk alibaki ameshika chai mpaka ikapoa. Hakuinywa, na hakuthubutu kuimwaga. Mwishowe Obeti ndiye aliyerudisha kikombe jikoni, kimejaa.