Mbegu Zilizosinyaa

Sikulala kwa kujiuliza kama nimwambie Bibi au ninyamaze.

Bibi ni mwenyeji wangu hapa kijijini Masieda. Kwa misimu miwili nimekuwa nikichavusha mahindi yake ya asili kwa mahindi matamu ili nipate mbegu mpya. Jana alijitolea kunichambulia mbegu. Niliona aibu kumfundisha mzee kuchagua mbegu, kwa hiyo sikumwambia kwamba zilizosinyaa ndizo zenye utamu. Akawamwagia kuku hizo zote, akanikabidhi zilizonona. Nami, msomi mzima, nikamshukuru.

Asubuhi nikamfuata.

“Shikamoo, Bibi. Zile mbovu ndizo nilizozitaka.”

“Kuku wamekula kazi yako, na wewe ukasema asante?”

“Ndiyo, Bibi.”

Alicheka kidogo, akapiga magoti mlangoni mwa banda la kuku. “Njoo tutafute. Huwa wanabakiza.”

Nikapiga magoti kando yake.