Ng'ombe wa Mama na Kaboni Iliyozidi

Mwaka wa pili wa shahada yangu ya uzamili nilirudi nyumbani Milanzi kupima mavi ya ng'ombe. Siwezi kulisema jambo hili kwa heshima zaidi ya hapo.

Nilikuwa natengeneza modeli ya kompyuta inayofuata safari ya kaboni yenye mionzi: inavyoingia kwenye majani, inavyoliwa na ng'ombe, inavyotokea kwenye maziwa, hadi kwa mtu anayeyanywa. Vitabu nilivyovipata vilieleza ng'ombe wa Ulaya, mnyama anayekula vizuri kuliko mwalimu wa sekondari. Msimamizi wangu chuoni akasema, "Tafuta ng'ombe wa kwetu." Niliyemfahamu alikuwa mmoja tu, wa mama, aliyefungiwa bandani nyuma ya nyumba.

Sikuleta mionzi yoyote. Kaboni ya aina hiyo imo tayari, kidogo sana, katika kila kiumbe. Nilitaka tu kujua kaboni kiasi gani inaingia kwa ng'ombe na kiasi gani inatoka. Mama nilimweleza hivyo siku ya kwanza.

"Kwa hiyo na mimi ninayo?"

"Unayo, mama. Hata padri anayo."

"Padri mwache." Akanitazama navaa glavu. "Nimelima mpaka mgongo umepinda ili usome, leo unakinga mavi kwa beseni langu la kufulia."

"Nitaliosha."

"Hilo ni lako sasa."

Wiki mbili nilipima mabua, pumba, maziwa na mavi. Pumzi niliikadiria kwa uzito wa ng'ombe. Nilipojumlisha, kaboni iliyotoka ilikuwa nyingi kuliko iliyoingia. Nikarudia hesabu. Nikaipima mizani kwa mfuko wa sukari. Ikawa vilevile. Nikampigia msimamizi.

"Yaani ng'ombe wa mama yako anaumba kaboni?" akauliza.

"Inaonekana hivyo."

"Basi mwambie asimchinje."

Yeye alitania. Mimi, kwa siku mbili nzima, nilijiona jukwaani napokea tuzo, nawaza nivae nini.

Asubuhi ya tatu tumbo liliniamsha mapema, baridi kali. Nikielekea chooni nikamkuta mama bandani anamimina kitu kutoka kwenye ndoo, na ng'ombe anakinywa kwa furaha isiyo ya kawaida. Harufu ilinifikia kabla sijasema neno.

"Mama, hayo ni machicha ya pombe."

"Ni uji."

"Uji unaonuka kilabu?"

Akachungulia barabarani. Mama ni kiongozi wa wanawake wa jumuiya yetu kanisani, na mwaka uliotangulia alisimama mbele yao wote akatangaza ameacha kupika pombe ya ulezi. Kumbe alikuwa amehamishia mapipa kwa rafiki yake wa mtaa wa Chanji. Machicha alikuwa akiyaleta kila alfajiri, ndoo imefunikwa kitenge.

"Kwa nini hukuniambia?"

"Wewe unaandika kila kitu. Nikasema utaniandika na mimi."

Nilikasirika kama dakika kumi, kwa ajili ya wiki mbili zangu na ile tuzo. Kisha nikacheka mpaka nikakaa chini. Yeye hakucheka. Lakini kesho yake alinikabidhi ndoo mwenyewe niipime, ametazama pembeni, na hesabu ikakaa sawa.

Ikabaki sehemu ya binadamu. Nikamwomba mama anitajie anachokula na kunywa kwa siku.

"Ugali, maharage, maziwa, chai," akasema.

"Na kingine cha kunywa?"

Akafikiri kidogo. "Chai andika mara mbili."

Kwenye tasnifu machicha niliyaita "chakula cha ziada kilichochachushwa". Siku ya kuitetea, mtahini mmoja aliuliza chakula hicho kilipatikana wapi. Nikamjibu kwamba mfugaji aliomba asitajwe. Akanitazama juu ya miwani, akasema yeye kwao ni Mbeya na machicha anayajua, akafungua ukurasa unaofuata. Nikafaulu.