Nauliza Tu

Wifi yangu, mke wa kaka yangu mkubwa, ana mdomo. Nasema hivi nikijua kwamba atasoma, na akisoma atanipigia simu kabla hajafika mwisho. Na apige. Nimemvumilia miaka kumi na saba, naye kanivumilia mimi, ngoma droo.

Kazi yake ni kuandika kadi hospitalini, dirisha la pili kutoka mlangoni. Chumba chenyewe upana wake ni meza moja, kabati la faili lisilofunga, na feni inayozunguka ikijisikia. Mbele kuna kioo chenye tundu kwa chini. Watu wanamwita Mama Kadi. Ukitaka kumwona daktari yeyote, sharti uiname kwenye lile tundu umtajie jina lako, umri wako na kinachokuuma. Anajua mji mzima unaumwa nini, na hajawahi kumwambia mtu. Hata mimi, na nimemchokonoa sana.

Sasa, kuna neno moja ukilitamka mbele yake unamchafua roho siku nzima. "Nauliza tu." Unalijua. Watu wamepanga foleni tangu alfajiri, anakuja mtu na viatu vyake safi, anapita kandokando ya ukuta, anafika dirishani: "Samahani dada, mimi nauliza tu." Nani atamkataza mtu kuuliza? Kuuliza si ujinga. Basi anauliza, na akishauliza haondoki. Anauliza mpaka anatoka na kadi mkononi.

Nami nisijitie utakatifu, nimeshafanya. Nilikwenda na jino linanipwita, nikawapita wote, nikagonga kioo: "Wifi, nauliza tu." Akanitazama kama hanijui. "Mwisho wa foleni ni pale kwenye ndoo," akasema, kwa sauti, watu wakasikia. Nilinuna wiki mbili. Kaka alipojaribu kutupatanisha nikamwambia, mkeo hana haya, mimi nilimkosea nani pale? Na niliamini kabisa. Mkuki kwa nguruwe! Mtu akinipita mimi, nagomba mpaka sauti inakauka.

Wifi ndiye aliyenifungua macho, siku moja tunachambua mchele jikoni kwake. "Ukisimama dirishani," akasema, "unaniona mimi tu. Foleni yote iko mgongoni kwako. Unadhani tuko wawili duniani. Na anayeumia wala si aliye nyuma yako. Huyo atasubiri dakika tano zaidi, basi. Anayeumia ni wa mwisho, anayefika hapa kadi zimekwisha. Humjui, hutamjua, na usingizi unaupata."

"Usinifundishe adabu," nikamwambia.

"Basi chambua mchele, umeacha mawe."

Wa mwisho aliyekuwa akimsema alikuwepo kweli. Ni mzee fundi saa, mwenye kimeza chake nje ya duka la vitambaa. Jicho la kushoto lilikwisha zibwa na mtoto wa jicho, la kulia lilikuwa linafuata. Fundi saa asiyeona atafanya nini, asikilize? Daktari wa macho huja hospitali ile mara moja kwa mwezi, na kadi zake ni thelathini, haiongezwi hata moja. Mzee anakaa mbali, anatembea akipapasa kuta, akifika wenzake wamemtangulia. Miezi miwili mfululizo alikuwa mtu wa thelathini kwenye foleni, na miezi yote miwili akakosa.

Mara ya pili aliyemkosesha ni wifi mwenyewe. Alikuja mama mmoja mcheshi, nauliza tu, dada umependeza, kitambaa umenunua wapi, wifi akacheka, mkono ukaandika. Kufika mwisho, mzee kainama kwenye tundu na kadi hakuna. Hakugomba. Alisema, "Haya mwanangu, mwezi ujao, jicho likinisubiri." Wifi alirudi nyumbani akalia mbele ya watoto. Huyo ni mtu ambaye kwenye msiba wa baba yake mzazi alikuwa anapanga viti.

Mwezi wa tatu nilikuwepo. Nilikuwa wa kumi na tisa, nimefuata miwani ya kusomea. Tulijihesabu kwa sauti toka mbele hadi nyuma, na mzee akaitikia, "Thelathini!" kama mtoto wa shule. Wote tukajua kwamba leo anapata.

Walipobaki watu kama ishirini, akaingia jamaa mmoja, funguo za gari zinalia kidoleni, simu sikioni. Nimwite Bwana Funguo. Jina lake silijui na silitaki. Akapita ukutani, akafika dirishani.

"Dada, nauliza tu. Daktari wa macho yupo?"

"Yupo."

"Anaona wagonjwa leo?"

"Anaona."

"Safi sana. Niandikie kadi, basi."

Wifi akalaza kalamu mezani. "Hiyo si kuuliza, baba. Hiyo ni kuagiza. Ulichouliza nimekujibu. Kwaheri."

"We!" nikasema kwa sauti, sikuweza kujizuia. Foleni nzima ikaguna.

Bwana Funguo hakukasirika, na hilo ndilo lililoniudhi. Alicheka. "Dada, mimi ni mtu mmoja tu, na nina kikao."

"Hata hawa ni mmoja mmoja," wifi akasema.

Akapiga simu. Punde mkuu wa hospitali akaingia kwa mlango wa nyuma, akasimama nyuma ya kiti cha wifi. "Mama Kadi, mwandikie bwana huyu tusonge mbele. Usilete maneno."

Kaka alikuwa ameachishwa kazi mwaka huo, watoto watatu wanakula mshahara wa dirisha lile. Nikasema moyoni, andika, wifi, andika tu, tutamwombea mzee. Ndiyo, nilisema hivyo, na naona aibu.

Wifi akasimama. Akasogeza kiti, akamkabidhi mkuu kalamu. "Kaa hapa uandike wewe, mkuu. Kwa mkono wangu haiandikwi. Ila kabla hujaandika, huyu bwana amwambie yule mzee kwamba leo tena hapati."

"Mzee yupi?" akauliza Bwana Funguo. Safari hii aliuliza kweli.

"Geuka."

Akageuka. Watu kama ishirini wanamtazama, hakuna aliyepepesa. Kule mwisho mzee alisikia anatajwa, akavua kofia, akaitikia akiwa ameelekea nguzo: "Nipo hapa, bwana!" Hakuna aliyecheka.

"Sikujua," akasema Bwana Funguo.

Hakujua! Angejuaje, na hakugeuka? Akatoka zake bila kuomba radhi kwa yeyote. Mkuu naye akaondoka, uso umemvimba, na kalamu akaenda nayo. Wifi akaomba ya kwangu, akaendelea mpaka thelathini.

Daktari alimwandikia mzee rufaa, akapasuliwa wiki iliyofuata kwenye hospitali kubwa. Siku ile ile alipofunguliwa bandeji, wifi akaletewa barua: ajieleze kwa maandishi kwa nini asichukuliwe hatua kwa kumdharau mkuu wake mbele ya wagonjwa.

Mimi ni mwalimu, maneno ninayo. Nikamwandikia kurasa mbili, kwa heshima na taadhima, naomba radhi, shetani alinipitia. Wifi akasoma hadi mwisho, akaikunja vizuri, akaiweka chini ya sufuria ya moto isiunguze meza. "Mwandiko wako mzuri, wifi," akasema.

Akachukua karatasi nyingine, akaandika amesimama: "Kadi ya thelathini ilikuwa na mwenyewe. Nilimwandikia mwenyewe."

"Watakufukuza, wewe!"

"Na wanifukuze. Lakini waandike sababu hiyo hiyo, kwa mkono wao, na waweke sahihi."