Mguu Usio na Kiatu

Zamani fundi alivua kiatu kwanza ndipo akakanyaga breki ya gari la mtu. Siku hizi anachomeka kompyuta na kuisubiri imwambie mguu wake unahisi nini.

Fundi Mguu alikuwa wa zamani. Asubuhi moja, saa mbili kasoro, dada yake, dereva wa basi la shule, aliingia gereji akihema.

“Kaka, niokoe! Wasichana wamo ndani, fainali yao saa nne, na breki inabonyea kama nakanyaga godoro. Mteremko wa uwanjani unaujua!”

“Nani kaigusa?”

“Kompyuta.”

Ndivyo walivyomwita fundi jirani, aliyefungua breki za mbele jana. Naye alikuwa kamfuata nyuma, kanuna. “Mzee, nimetoa upepo kwenye mafuta ya breki mara tatu. Mashine inasema safi.”

“Mashine ina unyayo?”

Wasichana wakaangua kicheko madirishani.

Mguu akavua kiatu, akakanyaga. Pedeli ikaenda hadi karibu na sakafu. Akakanyaga tena upesi upesi. Ikapanda, ikawa inadunda. Akaikandamiza na kufumba macho. Haikushuka. Moyo ukaanza kumwenda mbio kwa raha: pampu kuu ingekuwa imechoka, pedeli ingezama polepole. Akachungulia magurudumu yote. Hakuna tone la mafuta.

“Upepo bado umo! Jeki, haraka!”

Gurudumu la mbele lilipotoka, alicheka mpaka akakaa chini. Kompyuta alikuwa amefunga kalipa, kile kifaa kinachobana diski ya breki, ya kulia kushoto, na ya kushoto kulia. Nati ya kutolea upepo ilitazama ardhini.

“Mwanangu, upepo hukaa juu! Ungeota mvi hapa ukimwaga mafuta tu.”

Kompyuta akashika kichwa. “Lo! Ndiyo maana!” Akanyakua spana mwenyewe.

Wakazihamisha kalipa, kila mmoja upande wake, wasichana wakihesabu dakika kwa sauti. Kisha dada akakaa kwenye usukani. “Kanyaga! Shikilia hapo!” Nati ikafunguliwa, povu likaruka. “Tena!” Saa tatu na robo pedeli ikasimama juu, ngumu, haidundi. Uani basi likajaribiwa mara nne, likasimama mara nne.

Timu ile ilivunjwa mwaka uleule, dada akahamia mbali, na gereji sasa ni duka la simu. Mara ya mwisho Mguu kuwaona wote pamoja ilikuwa asubuhi ile pale mteremkoni, alipolifuata basi mbio: taa nyekundu zikawaka kabla ya kona, basi likapunguza mwendo kwa adabu, mikono ikapunga madirishani, naye katikati ya barabara, kiatu mkononi, akipiga kelele, “Imeshika! Imeshika!”