Jino la Kifuani

"Nyamaza, wifi. Jino halioti kifuani," Kristiana akasema, akiisukuma ile chupa yenye jino kwa kidole cha mguu kama anayesukuma chura. "Hilo ni la kaka yangu Zenon. Umemla, ukasahau kutafuna."

Stefania akaiokota chupa yake, akaipangusa kwa khanga. Alimbembeleza daktari wa Dar es Salaam hadi akapewa, akidhani itaziba watu midomo. Kumbe alikuwa anabeba kuni kuupelekea moto.

Kikohozi alikuwa nacho tangu usichana. Akikohoa kanisani, padri alipotewa na mahubiri na popo walihama dari. Walipohamishiwa kijiji cha ujamaa, nyumba zimebanana mstari mmoja, ndipo majirani walipomsikia vizuri, na ndipo alipoanza kutema nywele. Nywele hasa, nyeusi, zimelowa mafuta. Na wakati huo mumewe Zenon alikuwa kavuka mpaka wa Kasesya kutafuta kazi Zambia, masika mbili hana salamu. Kristiana akajumlisha.

"Daktari kasema nilizaliwa na uvimbe," Stefania akasema. "Nilipokuwa nafinyangwa tumboni mwa mama, kipande cha ngozi kikapotea njia, kikabaki kifuani. Kikaota nywele, kikaota na jino. Kanipasua, kautoa."

"Ngozi yangu mimi mbona haioti meno?"

"Yako imeota ulimi, wifi, na hatukukupeleka hospitali."

Mama mkwe, aliyekuwa akipepeta ulezi pembeni, akaweka ungo chini.

"Stefania, kunja mkeka wako. Mchawi halali nyumba ya mwanangu. Ukikataa, kesho mkutano wa kijiji utakutoa."

"Nyumba hii nimeikandika udongo kwa mikono yangu, mama, huku nakohoa. Sitoki. Zenon atarudi, mtamwona mzima na meno yake yote, halafu sijui sura zenu mtazificha kwenye ungo upi."

Mlango ukasukumwa. Zenon, begi begani, vumbi la lori limemjaa hadi kwenye kope. Stefania akahisi kovu lake linacheka. Akamgeukia Kristiana, tayari kumpigia kigelegele puani.

"Shikamoo, mama," Zenon akasema, akatabasamu. Na pale mbele, juu, palikuwa na pengo la kupitisha kidole.

Kristiana akainama taratibu, akaitazama chupa.