Barua ya Duara

Watu wa Mutsamudu, mji wetu wa kisiwani Nzwani, hugombana kwa adabu, ndiyo maana ugomvi wao hauishi. Nawajua, ndio watu wangu. Mama alizaliwa Unguja, akanilea kwa Kiswahili chake, na mpaka leo nikikasirika ndicho kinachonijia mdomoni kwanza. Kisa hiki sijawahi kukisimulia bila kukasirika, basi nakieleza kwa lugha hiyo hiyo.

Mwaka wa uhuru nilikuwa karani wa chama cha wafanyabiashara wa mji wetu. Karani kwa jina tu, maana kufagia nifagie mimi, chai nichemshe mimi, taipu nipige mimi. Taipu ilikuwa moja na aliyejua kuipiga kwa Kifaransa alikuwa mmoja, basi wazee wakavumilia kukaa na mwanamke chumba kimoja. Walikuwa kumi na wanne: wenye maduka ya vitambaa, wanunuzi wa karafuu na maua ya mlangilangi, wenye majahazi ya mizigo. Baba yangu aliuza mabati, misumari na saruji, na kwa umri ndiye aliyekuwa mdogo wao wote.

Kilio cha chama kilikuwa bandari. Mji wetu una maji ya kina mpaka karibu na ukuta, lakini gati la meli kubwa halikuwapo, na juu ya hilo kulikuwa na amri kwamba mzigo wa Nzwani ushukie kwanza Moroni, mji mkuu ulio kisiwa kingine, ukaguliwe, ndipo uletwe kwetu. Na Moroni nako meli husimama mbali, mzigo ukashushwa kwenye matishari, ukapandishwa ufukoni, ukakaa juani na mvuani, ukarudishwa tena majini. Mfuko wa saruji uliotoka ng'ambo ukiwa unga ulitufikia jiwe. Baba alikuwa akiyavunja yale mawe kwa nyundo na kuyapepeta, akipata bakuli mbili za unga kwenye mfuko mzima.

Mimi saruji ile ilinihusu kuliko wote. Kwetu mwanamke hahamii kwa mume. Mume ndiye anayemjia mke, naye humkuta ndani ya nyumba yake mwenyewe. Baba mwenye binti hujenga, na binti asiye na nyumba hana harusi, hata awe na uso wa mbalamwezi. Nyumba yangu ilisimama katika uchochoro wa nyuma ya msikiti, kuta tayari, milango tayari, dari hakuna. Mchumba nilikuwa naye, mwalimu wa shule, mpole, aliyekuwa akipita pale kila Ijumaa akitazama juu kama anayengoja embe lianguke. Siku ya harusi ilikuwa imeshawekwa: saruji ikifika.

Kwa hiyo wazee walipokata shauri kuandika barua Moroni, kuomba meli zije kwetu moja kwa moja na gati lijengwe, niliipiga taipu kwa moyo mmoja. Mwenyekiti aliisema, mimi nikaiandika, asubuhi moja ikaisha. Kuitia saini ndiko kulikochukua miezi minne. Jina la nani litangulie? Mwenyekiti alikuwa tajiri, lakini mwenye jahazi alikuwa sharifu, na muuza vitambaa wa mtaa wa juu alikuwa na babu aliyekuwa kadhi. Hakuna aliyesema anataka kuwa wa kwanza. Kila mmoja alisema tu kwamba haoni vizuri kumpita fulani, akangoja aambiwe kwamba fulani mwenyewe haoni vizuri kumpita yeye. Wakanywa chai yangu, wakaenda zao. Manahodha wengi chombo huenda mrama, na hiki chetu hata nanga hakijang'oa.

Ukombozi ukatoka kwa mwenye jahazi. Alishauri saini zipigwe kwa duara, chini ya barua, asiwepo wa kwanza wala wa mwisho. Wote wakafurahi. Nikawachorea duara kwa kufuatisha sahani ya kikombe, wakaitia saini mmoja mmoja, kila mmoja akichunga asiingie nafasi ya jirani. Baba akatia yake mwisho, pale palipobaki.

Nami nilikuwa nimeshafanya kile nilichofundishwa na bibi Mfaransa aliyenifunza taipu: pembeni chini, kwa herufi ndogo, unaweka herufi za jina la aliyesema barua, kisha za aliyeipiga. Mwenyekiti alipoziona zake aliniambia nizifute, zisije zikaonekana kama amejitanguliza. Nikazifuta. Zangu hakuna aliyezitaja, zikabaki.

Katika miezi ile minne serikali ilipinduliwa, kiongozi mpya akaja na mapinduzi yake. Makarani wa serikali waliambiwa warudi makwao, majalada yakachomwa moto, harusi kubwa zikapigwa marufuku, na mambo ya nchi wakakabidhiwa vijana wa shule. Ungedhani barua itaandikwa upya. Nani aianze upya, wanyweshane tena chai miezi minne? Mwenyekiti ndiye aliyekuwa aipeleke, na siku ya safari mguu wake ukavimba. Wengine nao kila mmoja akawa na mguu wake. Nikaambiwa niende mimi, kwa kuwa Moroni nina mama mkubwa wa kufikia. Niikabidhi tu, nigeuze na chombo kile kile kesho yake. Baba alinisindikiza mpaka kwenye ngazi za bandari, akaniambia nisikae sana, fundi wa dari amemweka tayari.

Ofisi niliyoelekezwa sikuikuta. Nilikuta chumba chake tu, kabati wazi hazina hata karatasi, na mezani kijana wa kamati ya mapinduzi mwenye ndevu tatu zilizohesabika. Alipokea barua pamoja na cheti changu cha safari, akaisoma yote, si mjinga hata kidogo. Kisha akaligeuza lile duara huku na huku kama anayetafuta kitasa cha mlango.

Aliniuliza mkubwa wao ni nani. Nikamwambia hawana, wote sawa. Akasema mabwana kumi na wanne wa Mutsamudu hawajawahi kuwa sawa tangu dunia iumbwe, na kwamba watu huficha kichwa pale tu wanapojua kichwa kina kosa. Wakati ule wazee wenye vyeo walikuwa wakinyolewa hadharani na kutiwa mafagio mikononi, na nilijua kabisa anachokitafuta. Nikarudia kwamba wote sawa. Akaendelea kuichungulia karatasi, na pembeni chini akaziona zile herufi ndogo.

"Hizi za nani?" akauliza.

"Zangu. Mimi nimepiga taipu tu."

"Basi kwenye karatasi hii mtu aliyesimama wima ni wewe peke yako." Akafungua droo, akatia humo cheti changu cha safari. Bila cheti kile kupigwa muhuri wa kamati wa kurudia, hakuna nahodha ambaye angenipakia. Akasema kwa upole kabisa kwamba nitakipata siku nitakapomwambia kichwa ni nani, au kichwa chenyewe kitakapojileta.

Nikapeleka simu ya maandishi Mutsamudu, nikaeleza yote, nikaomba mmoja wao ajitaje. Wallahi nilidhani ni jambo la siku mbili. Jibu lilikuja wiki ya tatu: SHAURI LINAJADILIWA STOP SUBIRI. Nilichokosa kukiona nilikuja kuhadithiwa na mama. Walikutana mara tano. Wale wale waliogombea kutangulia sasa walikuwa wakipishana mlangoni. Mwenyekiti alisema heshima ile ni ya sharifu. Sharifu akasema haiwezekani mbele ya mjukuu wa kadhi. Mjukuu wa kadhi akakumbusha kwamba aliyeisema barua ni mwenyekiti, lakini hataki kumvunjia adabu kwa kulisema hilo nje ya chumba kile. Mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi. Wakaagana kwa fatiha.

Mimi huku nikawa mtu wa kukaa. Nyumba ya mama mkubwa ilikuwa nzuri, alinipenda, alinipikia, nami niliichukia mpaka mikeka yake. Nilitoka nikiwa nimejifunga shiromani, nguo yetu nyekundu ya wanawake wa Nzwani, na njiani watu walijua mara moja mimi si wa pale. Nikifungua mdomo, lafudhi yangu ikanisaliti tena. Kila asubuhi nilienda kwenye ile ofisi kuomba cheti, kila asubuhi nikaambiwa kesho. Nikishuka bandarini nilihesabu vyombo vya kwenda kwetu. Mahali penyewe si pakubwa, mtu anaweza kusikia makuli wakitaniana, na chombo kinapoondoka unawaona abiria mpaka nyuso. Nilimwona jirani yetu mara moja, amepakia kuku wake wawili, anakwenda Mutsamudu. Kuku wanakwenda! Nilirudi nyumbani nikalia kwa hasira, si kwa huzuni, na mama mkubwa akaniambia nisimkufuru Mungu kwa ajili ya kuku.

Mwezi wangu wa tatu pale, yule kijana alichoka, au wakubwa wake walichoka. Alinikalisha mbele ya taipu, akaniwekea karatasi, na kando yake akaweka cheti changu, tayari kimeandikwa safari ya kurudi, kimebaki muhuri.

"Jina moja tu, dada," akasema. "Ijumaa kuna chombo."

Sikulaza damu, niliwaza kweli kweli. Nilimwaza mwenyekiti na mguu wake, nikamtukana moyoni kwa Kiswahili chote nilicho nacho. Jina lake lilikuwa kwenye ncha za vidole. Nikamwona amekalishwa uwanjani ananyolewa, wajukuu wake wanatazama, na nikajua kuwa nikitua Mutsamudu nitakuwa yule aliyemtoa mzee, na hakuna dari itakayonifunika. Nikaandika jina langu. Chini yake nikapiga: mwenyekiti.

Alicheka mpaka ndevu zake zikatikisika. Mwanamke, karani, kiongozi wa mabwana wa Nzwani! Kisha akaacha kucheka, akaitazama tena ile karatasi, akaikunja, akaenda nayo. Siku ya nne akarudi amenyooka, ananiita ndugu. Wakubwa wamefurahi mno, akasema. Wanawake ndio mapinduzi, na hapa amepatikana mwanamke aliyewashinda mabwana kumi na wanne kwa ujasiri. Kuanzia leo mimi ni mjumbe wa biashara wa Nzwani katika kamati, hapa hapa Moroni. Meza imeshatafutwa. Nikamuuliza cheti changu je. Akashangaa: mjumbe anakwenda wapi?

Nilikaa kwenye meza ile miaka miwili na zaidi. Nisiseme uongo, siku za mwanzo nilijisikia mtu. Barua zote za bandari zilipita kwangu, na wazee wa chama waliniandikia kwa Kifaransa cha kuchechemea, sasa wananiita Mheshimiwa, hakuna hata mmoja anayeuliza nitarudi lini. Lakini madaraka yangu yaliishia kwenye ncha ya meza. Niliomba likizo, nikanyimwa. Niliomba kujiuzulu, nikaulizwa kama naipinga nchi. Nikaanza kuota dari.

Basi nikafanya lile moja nililoweza. Nilimfuata kila aliyekuwa na muhuri, nikaandika, nikang'ang'ana, nikalia pale palipofaa kilio, mpaka ikaruhusiwa meli moja, moja tu, iende Mutsamudu moja kwa moja na saruji yake, isipite Moroni. Niliiona ikipita mbali, haikusimama. Sijawahi kufurahi vile. Nikasema moyoni, haya, sasa hata wakininyima cheti, nyumba itanivuta.

Barua ya mama ilikuja baada ya miezi miwili. Ilianza kwa salamu za watu wote na shukrani za mji mzima, jinsi saruji ilivyofika unga mtupu, laini, baba akaishika kwa vidole kama anayepima hariri. Dari imepigwa, nyumba imepakwa chokaa. Halafu akaandika kwamba baba ameona nyumba haiwezi kukaa bila bibi harusi, watu wanasema, na mwalimu amengoja sana masikini, mwanamume hawezi kuulizwa kila Ijumaa ataoa lini. Kwa hiyo mdogo wangu ameolewa naye, Alhamisi iliyopita, harusi ya chai na sambusa tu kwa sababu ya ile marufuku. Nisikasirike. Wananiombea dua.

Serikali ile ilipoanguka, hakukuwa na mtu tena wa kunizuia wala wa kunipigia muhuri. Nikapanda chombo cha kwanza. Baba alikuwa bandarini, amezeeka ghafla, akachukua mzigo wangu mwenyewe bila kumpa kuli. Tulipanda vichochoro mpaka kwenye kona ya msikiti, nikashindwa kujizuia. Nikamuuliza kwa nini hakusimama katika ile mikutano mitano akataja jina lolote, hata lake.

Alisimama, akahamisha mzigo bega la pili. Alinijibu kweli, bila hila, akitaka nimwelewe.

"Mwanangu, mimi nilikuwa mdogo wao wote. Ningesemaje kabla ya wakubwa?"

Tulikuwa tumeshafika. Mlango ulikuwa ule ule niliouchagua mimi, ufunguo sina, ikabidi nipige hodi. Mdogo wangu alifungua, ana mtoto begani, akanikumbatia na kulia kwa mapenzi, kisha akanishika mkono kunionyesha njia ya kwenda chumba cha wageni.