Neno "scrutinize" nililoliandika getini Tabata, nusura limfukuzishe mzee wa watu

Wakuu salaam. Haya yamenitokea mwenyewe, sijaongeza chumvi hata punje.

Miaka ya tisini mwanzoni, mashirika yanauzwa, matajiri wapya wanaingia. Mie nilikuwa mlinzi wa geti kwenye ghala la saruji, Tabata. Bosi mpya akaagiza ripoti ya kila lori iandikwe kwa Kiingereza.

Na mie darasa la saba!

Kilichoniokoa ni kamusi ya marehemu kaka yangu. Katika vitu vyake vyote, niliomba hiyo tu. Maneno aliyoyapenda aliyapigia mstari kwa penseli. Mojawapo ni scrutinize: kukichunguza kitu kwa karibu, kwa jicho la kukishuku.

Nikaandika: "I scrutinized the lorry. All bags correct."

Wakuu, bosi aliisoma mbele ya watu wote! "Huyu ndiye mlinzi!" Wapakiaji wakanibatiza Skrutinaizi. Tangu hapo kila lori nikaliandikia neno hilo.

Siku moja mteja wa Temeke akalalamika kuwa mifuko imepungua. Bosi akafungua kitabu changu. Mlinzi kaskrutinaizi, mifuko ilitimia getini, basi dereva kauza njiani. Dereva mwenyewe, Mzee Mkumba, baba wa watoto sita, akaambiwa aache funguo mezani.

Akanigeukia. "Mwanangu, si wewe uliyehesabu?"

Ukweli? Siku ile mvua ilinyesha. Nililitazama lori nikiwa kibandani, nikafungua geti. Neno niliandika kwa sababu lilikuwa tamu.

Nikisema, kazi yangu imekwenda. Nikamkumbuka kaka na penseli yake.

"Bosi, sikukagua. Niliandika tu."

Bosi akaamuru ghala lipekuliwe. Mifuko hiyo hapo, nyuma ya turubai, haikupakiwa kabisa! Niliruka kama mtoto, na huku mwenyewe nasubiri kufukuzwa.

Sikufukuzwa. Nilipewa onyo la maandishi, la Kiingereza. Nililisoma kwa kamusi ya kaka, neno kwa neno.

Kesho yake nikapanda juu ya lori, nikagusa mfuko mmoja mmoja. Mzee Mkumba akapiga honi: "We Skrutinaizi, shuka, saruji itaganda!"

"Shikamoo mzee, bado upande wa nyuma!"

Nilichojifunza: usiandike kazi ambayo macho yako hayajaifanya.

Nyie je, neno gani liliwahi kuwaponza? Semeni, nipo hapa nasoma yote.